Dawa ya kukausha maziwa na kichwa cha mzazi: mwongozo kamili

"Nipe ile ya kukata maziwa." Ndivyo walivyokuwa wakiniambia kwenye dirisha la duka la dawa Ngamiani, hapa Tanga, kwa sauti ya chini kama mtu anayenunua kitu cha aibu. Mara nyingi mnunuzi hakuwa mzazi mwenyewe. Alikuwa dada, wifi, shangazi, au mume aliyetumwa na kikaratasi chenye jina la kidonge na hakuna kingine. Swali langu lilikuwa moja: presha yake ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa ngapi? Na jibu lilikuwa karibu lile lile kila siku: "Presha ya nini tena, mama? Shida yake ni maziwa."

Kidonge hiki hakiendi kwenye titi. Kinakwenda kichwani, kinakaa huko, na kutoka huko ndiko kinakozuia maziwa. Kwa hiyo kikileta matata, kichwa ndicho kinachotangulia kulalamika: kizunguzungu, maumivu, macho kuona ukungu, usingizi wa ghafla, na kwa wachache sana, kifafa, kiharusi au kurukwa na akili. Ni wachache, sikatai. Lakini mzazi aliye ndani ya arobaini ana sababu nyingine kumi za kuumwa kichwa, na ndiyo maana dalili ya hatari hupita mbele ya watu wote nyumbani bila kutambuliwa.

Nimeandika hatua kwa hatua, kwa mpangilio ambao mambo hutokea nyumbani.

Hatua ya kwanza: uliza kama dawa inahitajika kweli

Maziwa hushuka siku ya pili hadi ya nne baada ya kujifungua, mtoto awepo asiwepo. Hata mimba ikiharibika baada ya miezi minne au mitano, mama anaweza kuamka siku ya tatu nguo imelowa kifuani. Hakuna aliyemwambia leba kwamba itakuwa hivyo, na hilo peke yake ni ukatili. Basi nyumba nzima inatafuta dawa mbio mbio, kwa huruma.

Sababu zinazokubalika za kuandikiwa kidonge ni chache: mtoto amefariki, au kuna ugonjwa unaomfanya daktari aseme mama asinyonyeshe kabisa. Matiti kujaa na kuuma si sababu. Kurudi kazini si sababu. Kumwachisha kunyonya mtoto wa mwaka na nusu si sababu hata kidogo. Huyo anaachishwa polepole.

Kuhusu virusi vya UKIMWI, wapo wanaoshikilia maneno ya zamani. Siku hizi mama anayemeza ARV zake ipasavyo anashauriwa kunyonyesha, maziwa matupu kwa miezi 6 ya kwanza, kisha anaendelea huku mtoto akianza kula. Asikimbilie kukausha maziwa kwa kuogopa. Aongee kwanza na wahudumu wa kliniki yake.

Hatua ya pili: ijue dawa uliyopewa

Ni mbili zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni bromokriptini, ambayo wengi waliijua kwa jina la Parlodel. Huandikwa kidonge cha miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, kwa siku 14. Ya pili ni kabagolini, iliyojulikana kama Dostinex. Hiyo hutolewa miligramu 1 mara moja ndani ya siku ya kwanza baada ya kujifungua. Kama maziwa yameshashuka, hutolewa robo miligramu kila baada ya saa 12 kwa siku mbili. Nimetaja vipimo ili ugundue ukipewa kitu kisichofanana navyo, usijiandikie mwenyewe.

Tofauti yao ina maana kubwa. Bromokriptini hutoka mwilini haraka, kwa hiyo ukiiacha leo, kesho imeshapungua nguvu. Wengine hata maziwa huwarudia kidogo wakishamaliza dozi. Kabagolini hukaa. Nusu yake tu huchukua karibu siku tatu kuondoka. Mzazi aliyemeza kidonge kimoja Jumatatu anaweza kuwa bado ana kizunguzungu Ijumaa, na asikubali kuambiwa kwamba kidonge kimoja hakiwezi kumfanya hivyo.

Hatua ya tatu: elewa kwa nini kichwa

Chini ya ubongo, nyuma ya pua kwa ndani, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde inayoitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayotoa homoni ya prolaktini, na prolaktini ndiyo inayoamuru titi litengeneze maziwa. Ubongo una breki yake ya kuizuia tezi hiyo, nayo ni dopamini. Dawa hizi mbili zinajifanya dopamini. Zinakanyaga breki, prolaktini inashuka, maziwa yanakatika.

Tatizo ni kwamba dopamini haina kazi hiyo moja. Inasimamia mwendo wa viungo, usingizi, kichefuchefu, furaha, na uwezo wa kutofautisha kilichopo na kisichokuwepo. Ndiyo maana dawa hizi hizi hupewa wagonjwa wa Parkinson, wale wazee wanaotetemeka mikono. Ukishajua hivyo huwezi kushangaa mtu akisikia usingizi mzito au akiona maruweruwe.

Halafu kuna mishipa ya damu. Zote mbili zimetokana na ergoti, ukungu unaoota kwenye nafaka iitwayo rai (rye) huko Ulaya, ambao zamani uliwaua watu kwa kuminya mishipa yao hadi vidole vikaoza. Dawa za leo si sumu ile. Lakini bromokriptini hasa imehusishwa na mambo mawili yanayokinzana: wengi presha yao hushuka wakisimama, na wachache presha hupanda ghafla au mishipa ya ubongo hujiminya. Mishipa ya mzazi katika wiki za kwanza ni myepesi kukasirika hata bila dawa. Ndiyo kisa cha kifafa cha mimba kuweza kumpata mwanamke aliyekwisha kujifungua salama.

Si hofu zangu za dirishani tu. Marekani ilikuwa ikiruhusu bromokriptini kwa kazi hii, na baada ya taarifa za kifafa, kiharusi na mshtuko wa moyo kwa wazazi, matumizi hayo yaliondolewa mwaka 1994. Ulaya nao, Ufaransa ikiwa ndiyo iliyopiga kengele, mwaka 2014 walipunguza matumizi: kwa sababu za kitabibu tu, isitumike kutuliza matiti yaliyojaa, isipewe mwenye presha, ugonjwa wa moyo au ugonjwa mkali wa akili, na anayepewa apimwe presha. Miaka 20 kati ya uamuzi mmoja na mwingine! Nasi huku bado tulikuwa tunauziana kwa kutaja jina.

Hatua ya nne: maswali kabla ya kumeza

Chukua kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa hospitalini. Ukienda famasi au kwa daktari, nenda nazo.

Presha kwanza. Ilipanda wakati wa ujauzito? Aliambiwa ana protini kwenye mkojo, alivimba uso, alipewa sindano za kuzuia kifafa cha mimba? Basi vidonge hivi si vyake, mpaka daktari anayejua historia hiyo aseme vinginevyo. Na hata aliyekuwa sawa miezi yote tisa apimwe siku ile ile ya kuanza dawa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, kidonge kisimezwe.

Pili, alipewa nini leba kuzuia damu? Wengi hupata oksitosini, na hiyo haina neno hapa. Wengine hupewa ergometrini, ambayo nayo ni ya ukoo wa ergoti. Ukiongeza bromokriptini juu yake, mishipa inaminywa kutoka pande mbili. Hili nimeliona likisahauliwa hata na watu wenye koti jeupe, kwa sababu sindano ilitolewa wodini na kidonge kinanunuliwa mtaani, na hakuna anayeviona vyote viwili pamoja.

Tatu, dawa nyingine anazotumia. Erithromaisini na klarithromaisini, ambazo mzazi anaweza kuandikiwa akipata maambukizi, huifanya dawa ya kukausha maziwa irundikane mwilini. ARV zenye ritonavir hufanya vivyo hivyo, na ketokonazoli ya fangasi pia. Vidonge vya mafua vya kuzibua pua huminya mishipa, visichanganywe. Za kipandauso zenye ergotamini, kadhalika.

Nne, swali ambalo familia zetu hulificha: aliwahi kuugua akili? Baada ya uzazi uliopita aliwahi kukaa siku kadhaa bila kulala, akiongea peke yake, akiwaogopa watu wa nyumbani? Wanasema "alipitiwa kidogo, yakaisha." Mwambie daktari, hata kama mama mkwe anakukata jicho. Dawa inayoongeza nguvu za dopamini inaweza kuwasha moto uliokuwa umefunikwa majivu.

Hatua ya tano: saa na siku za mwanzo

Ameze baada ya kula, usiku, akiwa kitandani. Kichefuchefu kitapungua, na kizunguzungu kikija kitamkuta amelala.

Asubuhi asinyanyuke kwa mara moja. Akae ukingoni mwa kitanda dakika chache, miguu chini, ndipo asimame akishika kitu. Nimesikia habari nyingi zaidi za wazazi walioanguka chooni kuliko za waliopata kifafa, na sakafu ya saruji haina huruma.

Na hapa nina neno na makungwi wetu. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto ni mila yetu na sina ugomvi nayo. Lakini joto hufungua mishipa ya ngozi, presha inashuka, na dawa nayo inaishusha. Mzazi atawazimikia mikononi. Siku anazotumia dawa, maji yawe ya uvuguvugu, akandwe akiwa amekaa, na asiachwe bafuni peke yake. Asipande bodaboda wala asiendeshe chombo chochote, kwa maana usingizi wake unaweza kuja bila hodi. Asibebe maji wala asipike jikoni kwenye moto mkubwa. Kama kuna mtoto mdogo mwingine wa kubebwa, abebwe na mwingine. Pombe asiguse.

Presha ipimwe kila siku kwa siku za mwanzo. Kipimo cha mkononi kinatosha, na jirani mwenye nacho hakosekani Makorora wala Chumbageni. Andikeni namba na saa.

Hatua ya sita: kutenganisha karaha na hatari

Karaha ni hizi: kichefuchefu, kizunguzungu akisimama, kichwa kuuma kidogo na kutulia kwa parasetamoli, pua kuziba, choo kigumu, uchovu. Hizi hupita. Zikimsumbua, amwambie aliyemwandikia.

Hatari inaanza na kichwa kisichotulia. Katika taarifa za wazazi waliopata kifafa au kiharusi wakitumia bromokriptini, wengi walianza kwa maumivu ya kichwa ya mfululizo yanayoongezeka, saa kadhaa au siku kadhaa kabla. Baadhi macho yaliona ukungu au mianga kwanza. Hapo ndipo penye nafasi ya kuokoa mtu, na ndipo nyumba husema "ni uchovu wa kuzaa" au "ni kulia sana, amefiwa." Ndiyo, amefiwa. Apelekwe akapimwe vile vile.

Maumivu ya namna mbili yasisubiri hata saa moja. Moja ni yale yanayopiga ghafla kama radi, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata, yakafika kileleni ndani ya dakika. Nyingine ni yale yanayozidi kila siku licha ya dawa ya maumivu.

Aliyechomwa sindano ya mgongo kwa ajili ya upasuaji anaweza kuwa na kichwa kinachouma akikaa na kupoa akilala. Hicho kina asili yake. Lakini tofauti hiyo ithibitishwe na daktari, isithibitishwe na shangazi.

Dalili nyingine za kukimbia ni hizi: mkono au mguu wa upande mmoja kufa ganzi au kuishiwa nguvu, mdomo kwenda upande, maneno kukwama au kutoka yasiyoeleweka, kuona vitu viwili viwili, kutapika pamoja na kichwa kikali, kifua kubana, kukakamaa na kutupa viungo. Na kumbuka jambo hili ambalo huwapoteza wengi: kifafa kimewapata waliokuwa na presha kubwa na waliokuwa na presha ya kawaida. Namba nzuri kwenye kipimo haiifuti dalili mbaya.

Akili nayo ina dalili zake. Mzazi asiyelala siku mbili wala haonekani kuchoka, anayesikia sauti, anayemshuku mumewe kwamba anataka kumwekea sumu, anayezungumza haraka mambo yasiyoungana. Tanga tunazo tafsiri zetu za hali hii, na mtu akianza kuropoka usiku wa manane wa kwanza kuitwa si daktari. Sitabishana na imani ya mtu. Ninachoomba ni mpangilio: hospitali kwanza, kombe (maandishi ya dua ya kunywa) baadaye. Na katika muda huo wote asiachwe peke yake, wala na mtoto mchanga kama yupo.

Hatua ya saba: dalili ya hatari imetokea, ufanye nini

Dawa isimamishwe papo hapo. Kidonge kinachofuata kisimezwe kwa hoja ya kumaliza dozi. Hii si antibayotiki.

Piga 115. Ni namba ya bure ya usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Ikichelewa, bajaji au gari la jirani. Kwa aliye mjini, Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliye Pangani au Muheza aanzie hospitali ya karibu, apewe huduma ya kwanza na rufaa, kuliko kukata barabara ndefu na mtu anayetupa viungo kwenye kiti cha nyuma.

Akipata kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimminye mikono, usimnusishe kitunguu. Akizinduka usimpe maji mpaka awe amejitambua sawasawa.

Mtakapofika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe hii: "Amejifungua siku kadhaa zilizopita, na anatumia dawa ya kukausha maziwa." Taja idadi ya siku. Mtoa huduma akimwona mwanamke wa miaka 26 amekakamaa, bila mtoto mkononi, anaweza asijue kabisa kwamba ni mzazi. Atawaza malaria kali, atawaza kifafa cha kawaida. Mama aliyefiwa na mtoto anaonekana kama mtu mwingine yeyote, na huo ndio mtego. Beba boksi la dawa, beba kadi, na karatasi yenye saa ya kidonge cha mwisho na zile namba za presha.

Hatua ya nane: kukausha maziwa bila kidonge

Titi lisilonyonywa wala kukamuliwa huacha kutengeneza maziwa lenyewe. Siku ngumu ni ya tatu hadi ya tano. Titi linafanya jiwe, joto linapanda kidogo, mtu hawezi kulala kifudifudi. Kuanzia hapo linapungua, na ndani ya wiki moja au mbili wengi hupata nafuu, ingawa matone yanaweza kuendelea kidondo kidondo baada ya hapo.

Avae sidiria inayoshika vizuri, mchana na usiku. Asifungwe khanga kwa kukazwa kama mzigo wa kuni. Kukaza huziba njia za maziwa na kuleta jipu. Kitambaa chenye barafu, au majani ya kabichi yaliyokaa kwenye friji, yawekwe dakika 15 au 20. Parasetamoli husaidia. Maumivu yakizidi, akamue kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu, kwa kuwa kukamua hadi mwisho ni kuliagiza titi litengeneze mengine. Maji anywe kama kawaida, kumnyima maji hakukaushi kitu.

Mwaka 1988 zilichapishwa habari za jaribio dogo huko India ambapo wazazi walifungiwa maua ya asumini kifuani, wakalinganishwa na waliopewa bromokriptini. Prolaktini ilishuka zaidi kwa waliomeza kidonge, lakini kupungua kwa maziwa kulikuwa karibu sawa. Jaribio moja dogo si msahafu. Hata hivyo asumini tunayo uani, na sijasikia ikimpa mtu kiharusi.

Titi likiwa jekundu sehemu moja, moto, na homa ya kutetemeka, hayo ni maambukizi na yanataka dawa.

Kwa aliyefiwa, msimwambie "shukuru Mungu maziwa yatakauka." Yupo mmoja aliyeniambia kwamba maziwa ndiyo kitu pekee kilichomthibitishia kuwa mtoto wake alikuwepo. Wapo wanaotaka yakauke kesho, wapo wanaotaka yaondoke taratibu. Muulizeni mwenyewe.

Hatua ya tisa: baada ya yote

Mzazi akipata madhara, mwambie mfamasia au daktari ayaripoti kwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Watu hudhani kuripoti ni kumshitaki mtu. Ni kuandika tu kwamba dawa fulani ilimfanya mtu hivi. Kwenye kadi yake ya kliniki iandikwe jina la dawa na kilichotokea, kwa sababu mimba ijayo atahudumiwa na mkunga mwingine, pengine mji mwingine.

Mwisho, vidonge vilivyobaki. Dozi ya siku 14 ikikatishwa siku ya tatu, vinabaki zaidi ya 20 kwenye droo. Miezi sita baadaye jirani anajifungua, mtu anakumbuka "si kulikuwa na vile vya kukata maziwa?" Virudishwe famasi viteketezwe, kabla jirani hajakumbuka.